Maswali mnayoniuliza kila siku: hatua za mtoto na safari zake za kwanza

Haya majibu nimeyatoa kwa simu na kwa voisi noti mpaka nimechoka, kila shoga akijifungua ananipigia, sasa nayaandika mara moja yakae hapa. Mi naishi Kimara, kwetu Tanga, baba mtoto ni Mrombo wa kule Kilimanjaro, kwahiyo huyu kijana wetu tangu ana miezi mitatu ni mtu wa barabarani tu. Mi sio nesi. Nesi ni mama mkubwa wangu, alifanya kazi kliniki ya mama na mtoto miaka mingi mpaka akastaafu, na karibu kila kitu cha kitabibu hapa chini nimetoa kwake. Ukiona kinapishana na alichokwambia daktari anayemjua mwanao, fuata cha daktari.

Mtoto anatakiwa afanye nini, mwezi gani?

Kile kicheko cha kweli, cha kukuangalia usoni akakuchekea wewe na sio cha usingizini, kinakuja kuanzia wiki ya 6 mpaka miezi 2 hivi. Shingo inakaza vizuri kwenye miezi 4. Kujigeuza miezi 4 mpaka 6. Kuanzia hapo, kukaa, kutambaa, kusimama dede, kutembea, kila mtoto ana lake na ndo hapo mama wengi tunapopata presha bure.

Mama mkubwa alinitajia namba ambazo zilinituliza kabisa. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani walitoa matokeo ya kuwafuatilia watoto wenye afya njema wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, wakaona kukaa bila kushikiliwa kunaanza popote kati ya miezi 3.8 na 9.2, na kutembea mwenyewe kati ya miezi 8.2 na 17.6. Isome tena hiyo. Yani kuna mtoto anakata mtaa ana miezi tisa na mwingine miezi kumi na saba ndo kwanza anaachia kochi, na wote wazima. Sa sisi huku mtoto wa jirani akitembea na miezi kumi unaanza kumwangalia wako kama amekukosea.

Uzito nao una mwendo wake. Siku za mwanzo anapungua kidogo, usishtuke, kwenye wiki mbili anatakiwa awe amerudi pale alipozaliwa nao, kwenye miezi mitano hivi unakuwa umejirudia mara mbili na akitimiza mwaka mara tatu. Ndo maana wanampima kila mwezi na kuchora ule mstari kwenye kadi, angalia mstari unapanda au umelala, sio mtoto ni bonge au sio bonge.

Wangu ana miezi tisa hatambai. Ana tatizo?

Anakaa? Anashika vitu kwa mikono yote miwili? Ukimwita anageuka? Miguu yote inapiga mateke sawasawa? Kama ndio, mwache. Kwenye huo huo utafiti kuna watoto kama 4 kwenye kila 100 hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti, walipitiliza wakasimama. Wangu mwenyewe alikuwa anasota kwa makalio, mguu mmoja umekunjwa mwingine anapigia kasia, bibi yake wa Tanga akamuita nahodha.

Cha kwenda nacho kliniki bila kungoja ni hivi: miezi minne shingo bado inaanguka, miezi tisa na ushee hakai, anatumia mkono mmoja tu ule mwingine ameukunja muda wote, hashtuki kwa sauti, mwaka na nusu hajapiga hatua hata moja, na kubwa kuliko zote, kitu alikuwa anakifanya na sasa ameacha. Hiyo ya mwisho usimwambie jirani kwanza, nenda.

Nimnunulie woka ili awahi?

Hapana. Haimuwahishi kutembea na inampeleka kwenye ngazi na kwenye jiko la mkaa kabla hujageuka. Canada waliipiga marufuku kuuzwa tangu 2004. Hela yake kanunue mkeka.

Meno yakiota lazima aharishe na homa ipande?

Hapa nakaa kidogo maana ndo panapoumiza watoto wengi.

Jino la kwanza wengi linatoka kwenye miezi sita, wengine minne, wengine mwaka unaisha kibogoyo na hakuna shida. Jino linaleta udenda, kung'ata kila kitu, kulialia usiku, fizi kuvimba kidogo. Halileti homa ya 39 na halileti kuharisha maji. Kinachotokea ni kwamba umri huo huo ndo mtoto anaanza kutambaa na kuokota kila kitu sakafuni na kuweka mdomoni, na ndo umri anaoanza kula, alafu kinga aliyozaliwa nayo toka kwa mama nayo inaanza kupungua, basi anaumwa, sisi tunasingizia jino. Mtoto ana malaria ndani watu wamekaa wanasema ni meno tu hayo.

Na kuna wale wa meno ya plastiki, wengine wanaita ya nailoni. Jamani. Kile cheupe wanachokuonyesha ni chipukizi la jino lenyewe la mtoto, hakuna jino la plastiki duniani. Wanalichokonoa kwa msumari au spoku ya baiskeli, mtoto anavuja damu, anapata tetanasi au maambukizi kwenye damu, na akipona pengo linabaki mpaka ukubwani. Mama mkubwa anasema amewapokea watoto wa hivyo na hataki kuongelea zaidi. Kama kuna mtu kijijini kwenu atakushauri hilo, usimwachie mtoto hata dakika tano, hata kama ni shangazi mtu.

Safari ya kwanza afikishe umri gani?

Swali langu nalolipenda hili kwasababu watu wote wanalijibu kinyume. Wanakwambia ngoja akue kwanza, mtoto mdogo ni mzigo. Sio kweli kabisa. Mtoto wa miezi mitatu mpaka sita ndo msafiri bora utakayempata maisha yako yote: ananyonya tu, hana uji, hana ndizi ya kuponda, ukimuweka hapo unamkuta hapo hapo, na usingizi anao. Subiri atambae ndo utaniambia. Mtoto wa miezi kumi kwenye basi la masaa tisa ni sawa na kukamata samaki wa kambale kwa mikono yenye mafuta.

Kwahiyo mi ratiba naipangia kwa mtoto amefika wapi, sio kwa sikukuu iko lini. Ndugu watanuna, watapoa.

Chini ya arobaini tulia nyumbani. Hiyo desturi ya kutawa siku arobaini wazee wetu hawakukosea, we mwenyewe mwili haujarudi na mtoto kinga hana. Mi nilisubiri mpaka amalize chanjo za wiki ya 14, alafu siku tano baadae tukapanda basi la Tanga. Kama msiba au dharura imekulazimu mapema, nenda, ila kaa mbali na mkusanyiko na usimpitishe mtoto mikononi mwa watu kama sahani ya pilau.

Safari ikigongana na tarehe ya kliniki?

Beba kadi. Kadi ya mtoto ni kama kitambulisho chake, mi naitunza pamoja na hela. Zahanati yoyote ya serikali wanachanja na hawadai hela, hata uwe mgeni. Ratiba yetu Tanzania: akizaliwa BCG (ya kifua kikuu) na matone ya polio, alafu wiki ya 6, ya 10 na ya 14, surua na rubella miezi 9, na ya pili miezi 18. Matone ya vitamini A yanaanzia miezi 6.

Ukichelewa wiki mbili sababu ulikuwa safarini, ukirudi nenda, wanaendelea pale mlipoishia hawaanzi upya. Usiogope kufokewa. Wanaweza kufoka kweli, vumilia, mtoto achanjwe. Ila usimchanje asubuhi ukapanda basi mchana, zile za wiki ya 6 zinaweza kuleta homa siku hiyo hiyo au kesho yake na utakuwa Chalinze hujui homa ni ya chanjo au ni kitu kingine.

Kwenye basi nikae siti ya wapi na nijipangeje?

Haya, Dar mpaka Rombo nimeenda na kurudi mara tatu na huyu mtoto, nakwambia ninachokijua.

Kata tiketi mapema uchague siti ya katikati. Sio mbele kabisa, mlango ukifunguliwa upepo na watu wote juu yako, na stori za dereva wa pili na kondakta wake hazimpi mtoto usingizi. Sio juu ya tairi. Sio nyuma, kule kila tuta mnarushwa. Dirishani ukae wewe, baba mtoto au dada akae upande wa njia awe ngao, maana watu wakipita na mabegi hawaangalii kichwa cha mtu.

Kama mfuko unaruhusu lipia siti ya ziada. Najua mtoto anapakatwa bure, ila masaa tisa ya kupakata mtoto kwenye joto mgongo wako utakuja kuudai. Siti ya ziada ndo meza, ndo kitanda, ndo choo.

Jua: ukitoka stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis saa kumi na mbili asubuhi, mkishakunja Chalinze kuelekea Segera jua la asubuhi linapiga kulia, alafu mchana mkishapita Mombo linahamia kushoto. Hakuna upande wa kukimbilia. Beba khanga mbili na vibanio vya nguo, moja ya dirisha. Pazia za basi ni pambo.

Mkanda wa siti fungeni nyie, mtoto mshike nje ya mkanda, usimfunge mkanda mmoja na wewe, basi likifunga breki kwa nguvu uzito wako wote unamkandamiza yeye. Kama mna gari binafsi basi siti ya mtoto ya kufunga nyuma, anaangalia nyuma, na sio kumpakata mbele. Nyingi zinauzwa mtumba, kagua mikanda na uhakikishe haijapasuka.

Na pampasi? Basi linasimama mara ngapi?

Linasimama kula mara moja, Korogwe au Mombo, na kuchimba dawa mara moja mbili porini ambako hata we mwenyewe unajiuliza. Dakika kumi, kumi na tano. Hizo dakika zako usizimalizie kwa mtoto. Mtoto mbadilishie kwenye siti kabla basi halijasimama, likisimama we shuka ukajisaidie, ule, unyooshe miguu.

Harufu: mi nabeba kontena la plastiki lenye mfuniko wa kukaza, lile la kuwekea chapati, pampasi chafu inakaa humo mpaka stendi. Mifuko ya plastiki si ilipigwa marufuku Juni 2019, basi kontena ndo mkombozi. Liandike kwa makapeni lisije likarudi kwenye chapati. Na tafadhali usirushe dirishani, nyuma yenu kuna mtu kwenye bodaboda.

Hesabu ya pampasi ni moja kila masaa matatu, ongeza nne. Sio mbili, nne. Mara ya kwanza tulienda na sita, basi likaharibika karibu na Same, tukakaa pale masaa manne chini ya mti, nikamalizia safari mtoto kafungwa kitenge.

Kunyonyesha mbele za watu naona aibu.

Khanga begani, basi. Ukiwa umetulia hakuna anayekuangalia, wanakuangalia ukihangaika. Alafu mtoto anayelia wanamuangalia zaidi.

Naruhusiwa kukamua nikabeba? Na wa maziwa ya kopo je?

Ya kukamua yanakaa kama masaa manne nje kama hewa ni nyuzi 25 au chini. Dar na Tanga Januari nyuzi 25 unaipata saa kumi alfajiri, kwahiyo mi nje siyaachi zaidi ya masaa mawili, au naweka kwenye kibegi chenye barafu. Kwenye friji siku nne. Kama uko na mtoto mwenyewe sioni hata sababu ya kukamua, chombo chake unacho kifuani hakihitaji kuchemshwa.

Wa kopo beba chupa ya chai yenye maji yalochemka ya moto kweli, unga upime mapema kwenye vikopo vidogo, changanya pale pale anapotaka kunywa alafu upoze. Usichanganye nyumbani ukatembea nayo. Yakibaki kwenye chupa mwaga, najua yana bei, mwaga.

Boti ya Unguja inawatapisha watoto?

Inamtapisha mama! Watoto chini ya miaka miwili mara nyingi bahari haiwasumbui. Tulivuka ana miezi mitano, yeye kalala fofofo, mi nimekumbatia mfuko. Boti za kasi ni kama masaa mawili toka Dar, kaa chini, katikati kuelekea nyuma, huko hakuchezi sana, na kula kitu kikavu kabla. Kama unaweza kuchagua, epuka ile miezi ya kusi inapovuma kwa nguvu, Juni mpaka Septemba hivi. Na kama mnaenda mpaka Pemba, mkondo wa Nungwi uheshimuni.

Ukiwa na kichanga omba upandishwe mapema, wengi watakupisha, sema tu.

SGR, ile treni ya umeme, je?

Raha. Ilianza kubeba abiria mpaka Morogoro Juni 2024, Julai ikafika Dodoma. Haikuyumbishi, choo kipo, unaweza kusimama na kumbembeleza mtoto ukitembea, vitu ambavyo basi hutavipata hata ulipie. Ila kiyoyozi chao kikali, mvalishe soksi. Wahi stesheni, ukaguzi unachukua muda na treni haikungojei kwasababu mtoto alijinyea dakika ya mwisho. Uliza nitakwambia.

Ndege inamuumiza masikio?

Ikipaa na ikianza kushuka mnyonyeshe, kule kumeza ndo kunafungua masikio. Shida kubwa ni kushuka kuliko kupaa. Akiwa na mafua makali ahirisha au muone daktari kwanza. Mtoto chini ya miaka miwili anapakatwa na nauli yake ni ndogo, lakini jina lake lazima liwe kwenye tiketi na uwe na cheti cha kuzaliwa.

Tunavuka mpaka kwenda Kenya kwa ndugu, kichanga anahitaji hati?

Anahitaji, yeye naye ni msafiri. Kata cheti cha kuzaliwa RITA (ofisi ya serikali ya vizazi na vifo) mapema maana hati ya kusafiria hupati bila hicho. Ukiwa unasafiri bila baba yake beba barua yake ya ridhaa, utaulizwa siku ambayo huna. Chanjo ya homa ya manjano wanachoma kuanzia miezi 9, mdogo zaidi ya hapo uliza kwanza kituo cha afya kinachochanja wasafiri.

Malaria. Kwetu Dar sio sana, tunakoenda ipo.

Sawasawa kabisa kuuliza. Dar na Unguja ni tofauti na Tabora, Mtwara, Kagera. Beba chandarua chenu wenyewe chenye dawa, usitegemee cha wenyeji, utakuta kimoja na kina tundu, au kipo kwenye bustani kinalinda mchicha. Jioni mikono mirefu na suruali. Dawa za kupaka za mbu chini ya miezi miwili usimpake, na mkubwa usimpake mikononi maana mikono inaenda mdomoni.

Akipata homa, hata wiki mbili baada ya kurudi, apimwe, na useme mlikuwa wapi. Usimpe mseto wa kubahatisha uliobaki wa kaka yake.

Rombo Desemba baridi, si atapata nimonia?

Baridi yenyewe haileti nimonia, vijidudu ndo vinaleta, na vinaletwa na wale ndugu arobaini waliotoka kila mkoa kuja Krismasi na kila mmoja anataka kumbusu mdomoni. Mwekee sheria mapema, mtu anawe mikono, mwenye mafua amuone kwa mbali, na mwachie mama mkwe azitangaze hizo sheria sio wewe, we ni mgeni pale.

Mvalishe nguo moja zaidi ya ulizovaa wewe. Ukitaka kujua ana baridi shika kifua au shingo, sio vidole. Muogeshe saa sita mchana, hakuna ulazima wa alfajiri.

Kitu kimoja nitakipigia kelele: jiko la mkaa lisilale chumbani na mtoto. Watakwambia tunalizimisha, limebaki majivu tu. Hapana. Ule mkaa unatoa hewa ya sumu haina harufu na inaua watu wazima sembuse mtoto. Sisi tulilala watatu chini ya blangeti mbili na mtoto kwenye kibeseni chake pembeni, tukaamka.

Bibi mtu anataka kumpa maji, asali, na vya kulambisha. Nakataaje?

Kwa heshima na kwa kumsingizia mtu. Mi namsingizia nesi. "Mama, kliniki wamekataza, watanifokea." Hapo anamgombeza nesi sio mimi. Ukweli wenyewe ni miezi sita maziwa ya mama tu, hata maji hapana, na asali mpaka apite mwaka kwasababu inaweza kuwa na vijidudu vinavyompoozesha mtoto mdogo. Babu mkwe yeye alichovya kidole kwenye mbege, pombe yao ya ndizi, akawa anakuja nacho, nikamgeuza mtoto begani fasta nikasema anataka kucheua. Yule mzee alikilamba kidole chake mwenyewe akaendelea na stori.

Akishafika miezi sita kwa bibi ndo pazuri. Ndizi zipo, parachichi lipo, mtori laini upo, yai la kienyeji lipo. Ponda, mpe kimoja kimoja, chumvi acha.

Kumbeba mgongoni lini?

Shingo ikishakaza. Kabla ya hapo mbele, uso uko wazi unauona. Mgongoni na mbeleko miguu ikae imepanuka kama chura, ndo inafaa nyonga zake.

Akiumwa njiani nitajuaje ni kubwa?

Chini ya miezi mitatu homa ya 38 ni hospitali moja kwa moja, hakuna kusubiri mfike. Umri wowote: hanyonyi kabisa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea hashtuki, anapumua kwa shida mbavu zinaingia ndani. Shuka hapo hapo mlipo. Njia ya kaskazini yote ina hospitali, Korogwe ipo, Same ipo. Na degedege ni dalili ya homa au ugonjwa, sio ya kufukiziwa moshi wa kinyesi cha tembo.

Kuharisha: ORS (ule unga wa chumvi na sukari) pakiti moja kwenye maji safi lita moja, mpe kidogo kidogo kwa kijiko, endelea kunyonyesha, na zinki, chini ya miezi sita nusu kidonge cha miligramu 20, zaidi ya hapo kidonge kizima, siku kumi mpaka kumi na nne hata akiacha kuharisha. Utosi ukiingia ndani, macho yamezama, machozi hayatoki, hiyo sio ya kutibu siti namba 23.

Lugha tatu hazitamchelewesha kuongea? Kirombo kwa babu, Kibondei kwa bibi, Kiswahili nyumbani.

Hazimcheleweshi. Neno la kwanza la maana linakuja kwenye mwaka hivi, na linahesabika lugha yoyote. Kinachochelewesha ni kumkabidhi simu.

Likizo inaisha kabla hatujaenda popote!

Siku 84, pacha siku 100, ndo sheria ya kazi. Ukirudi kazini una haki mpaka masaa mawili kwa siku ya kwenda kunyonyesha, wengi hawajui hata kuomba. Mi safari ya Tanga niliifanya hizo 84 zimeshapita, ndo maana nakumbuka hesabu ya siku.

Safari gani ilikuwa ngumu kuliko zote?

Ya mwisho, ana miezi kumi na tatu, Tanga tena. Ile ile barabara aliyolala yote akiwa na miezi mitatu, safari hii alisimama dede kwenye paja langu toka Mbezi mpaka Segera, akavuta nywele za dada wa mbele, akamvua mzee wa pembeni kofia mara nne, Muheza wakapitisha machungwa dirishani akalia mpaka akanunuliwa, hakulila, alitaka kulishika. Nilishuka stendi sijui jina langu.

Na kutembea alianza wapi?

Hapo hapo Tanga, kesho yake, kibarazani kwa bibi. Mi nilikuwa naoga, baba mtoto alikuwa kwenye simu na watu wa kazini. Shahidi ni bibi peke yake. Siku ile alisema hatua tatu. Jioni mashoga zake walivyokuja zikawa saba. Sasa hivi ukimuuliza anakwambia mtoto alinyanyuka akatembea mpaka getini akaenda kumfungulia muuza samaki.